Fundi wa ekzosi anayepimia kelele chumbani kwa jirani

Asubuhi imeshapamba moto, lakini fundi hayuko gereji. Amekaa kwenye kigoda ndani ya chumba cha jirani yake mshona nguo, miguu ameikunja asikanyage vitambaa, sikio moja ameligeuzia dirishani. Upande wa pili wa ukuta, mteja wake anangoja ishara ili awashe gari lililozeeka kuliko barabara inayopita hapo.

"Gari likinguruma mimi nalisikia kwa raha," anasema kwa sauti ya chini. "Anayelisikia kwa karaha ni huyu. Kwa hiyo napimia huku."

Mtaani wanamwita Sikio. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake ni kukata mabomba ya moshi, kuyapinda na kuchomelea sailensa za magari ya zamani ambayo vipuri vyake havipatikani tena dukani. Hakusomea popote. Alikuwa akichomelea mageti, hadi mtu mmoja alipomletea ekzosi iliyotoboka, akidhani chuma ni chuma. Wiki nzuri humwachia kodi ya uwanja na ada ya wanawe wawili. Wiki mbaya, anasema, humwachia "uzima na salamu".

Mwezi uliopita uwanja huo nusura umponyoke. Mwenye nyumba, anayewapangisha yeye na mshonaji, alimwita, akamwambia kwa upole kwamba mshonaji akilalamika tena, atafute pa kwenda.

Chanzo kilikuwa gari hilohilo. Mwenye gari, mwalimu wa udereva aliyestaafu, anataka limpeleke binti yake harusini, na sharti lake lilikuwa gumu: ule mlio mzito wa zamani usipotee, ila mtaa usisumbuke.

Sikio alibadili sailensa. Akaongeza ya pili. Nyuma ya gari mlio ukalainika vizuri, lakini kwa mshonaji vioo viliendelea kutetemeka na pini kutembea mezani.

"Nikamwambia, baba, umelifunga gari mdomo, mbona linaongea kwa tumbo?" anasimulia mshonaji, mama wa makamo ambaye ni mtani wake wa siku nyingi.

Siku aliyokwenda kumwomba radhi, macho ya fundi yaliangukia chini ya cherehani. Kila mguu ulikuwa umewekewa kipande cha zulia kuukuu. Akauliza ni cha nini. Mshonaji akamjibu kwamba bila hivyo sakafu nzima hushona pamoja naye.

Sikio hakumaliza hata chai aliyokaribishwa. Alirudi gereji akaingia uvunguni mwa gari. Raba zinazoning'iniza bomba alikuwa amezitoa kwa mkono wake, maana hukatika kila mara, na badala yake akachomelea vyuma vilivyoshika bomba na bodi moja kwa moja. Aliona huo ndio uimara. Kumbe kila mtikisiko wa bomba ulipanda kwenye bodi, na gari zima likawa ngoma.

Alivikata vyuma vyote, akaning'iniza bomba kwa mikanda ya tairi bovu, na ile sailensa ya pili akaitoa ili mlio wa zamani urudi.

Leo ndiyo hukumu. Fundi anapunga mkono dirishani. Gari linawaka, linakanyagwa mafuta, linaachiwa, linakanyagwa tena. Mshonaji anaendelea na upindo wake bila kuinua kichwa. Sikio anazitazama pini mezani, na zimelala palepale.

"Sasa linakoroma kama marehemu mume wangu," mshonaji anasema hatimaye. "Huyo nilimzoea, na usingizi nilipata."

Anaongeza kwamba kwa mwenye nyumba atakwenda mwenyewe, fundi asijisumbue. Mwalimu, aliyekuja kuchungulia mlangoni, anauliza kama mlio bado upo. Anaambiwa upo, ila umefundishwa adabu. Anacheka mpaka anashika fremu ya mlango.

Sikio alikuwa ameshaanza kutafuta kiwanja nje ya mji, mahali pasipo na jirani wa kumsumbua. Mpango huo ameuacha. Anachoweka akiba sasa ni cha kuinua ukuta wa uwanja huu na kuezeka upya, na Mungu akijalia, siku moja auziwe kabisa.

"Huko porini ningepiga kelele nitakavyo," anasema akijifuta grisi vidoleni. "Lakini nikikosea, nani angekuja kuniambia?"