Kochi Jekundu Kwenye Nyumba Isiyo na Paa

Upepo uling'oa mabati ya nyuma ya nyumba ya jirani yangu, upande wa bondeni, ukaiacha sebule ya mbele nzima kama yai. Mvua zetu za hapa Gisozi, mtaani kwetu vilimani, hazina adabu. Jirani huyo ni mjane, fundi cherehani, na babu yake alifika huku na biashara zake kutoka pwani. Yeye na binti zake wakahamia sebuleni, chumba cha kulala kikabaki kunywa maji.

Baada ya umuganda, kazi yetu ya pamoja ya mwisho wa mwezi, tuliweka majembe chini tukakaa mkutanoni. Mudugudu mzima, yaani kitongoji chetu, ukasema mama huyu apewe msaada wa dharura, mabati na misumari. Mkuu wa mudugudu akakubali, ila ofisa wa serikali ya mtaa aje kwanza aone kwa macho yake. Asipoona, hakuna bati.

Sasa sikiliza akili zetu. Mgeni anakuja, nani kwetu anampokea mgeni kwenye kigoda kibovu? Mjane alifagia tangu alfajiri. Jirani wa juu akaleta zulia. Mwingine akaleta chupa ya chai yenye maua, na mwingine pazia zito la kuzibia mlango wa chumbani. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini makochi yangu yanakaliwa na watu wenye digrii. Nikatoa karakanani kochi jekundu la velveti, nikalivua nailoni, nikaliweka katikati. Nikarudi nyuma kulitazama. Kazi nzuri ni kazi nzuri, sioni haya kusema.

Ofisa alikuwa kijana mpole, viatu safi. Akazama kwenye kochi, akala sambusa, akazungusha macho, kisha akauliza kwa heshima kama kweli hii ndiyo nyumba yenye shida. Mjane akainamisha kichwa. Kilichoharibika ni chumba chake cha kulala, na yeye si wa kumwonyesha mwanamume kitanda chake. Akajibu tu kwamba Mungu ni mkubwa, mgeni aongezewe chai.

Ofisa akafunga kalamu.

"Mama, asante sana kwa chai. Lakini kuna watu hawana hata pa kukaa. Hao watangulie."

Mjane akabaki ameshika chupa, hamimini. Nje, mawingu yalishakaa juu ya kilima cha pili.

"Kijana wangu, inuka," nikasema.

"Mzee?"

"Inuka. Kochi ni langu, nalirudisha karakanani."

Akainuka kwa haraka, chai ikamwagikia mkono wa kochi. Nikaanza kulikokota. Jirani wa juu hakungoja kuambiwa, akakunja zulia lake pale pale miguuni pa serikali. Mwenye pazia akalivuta, na mlango ukatuonyesha mbingu, chini yake godoro lililolowa. Mwenye chupa akasema yeye anasubiri kikombe chake kilicho mkononi mwa ofisa.

Ofisa alicheka mpaka akafuta macho. Akasogea mlangoni, akatazama juu, akafungua kalamu tena.

"Mama, mbona mlinificha?"

"Hatukukuficha, mwanangu. Tulikukaribisha."

Mabati yalifika kabla ya mvua kubwa, tukayapigilia wenyewe. Doa la chai halikutoka. Kochi nililiuza bei ile ile. Nilimwambia mnunuzi kwamba hapo alikaa mtu wa serikali, naye akalipa bila kubishana.