Bolti ya 0.6875 Pale Malaba

Mume wangu aliniambia nimkate mkono.

Saa nane mchana, foleni ya malori mpakani Malaba imesimama, na yeye chini ya lori ananiambia, "Rose, leta msumeno. Kata tu."

Mimi ni Roselyn, fundi wa malori. Mulama ni mume wangu na tunafanya kazi pamoja. Siku hiyo tulikuwa tunashusha tairi ya spea ya lori ya dereva mmoja, Kiprono. Cheni ikakatika, breketi ya chuma ikajikunja, ikambana mkono kwa chesisi, ile fremu ya chini ya lori.

Jeki haikuwa na pa kuingia. Kukata na grainda, cheche zitaruka na tanki ya dizeli iko hapo hapo. Ilibaki kitu moja, kufungua bolti. Zilikuwa mbili. Ikitoka moja, breketi inageuka na mkono unatoka.

Shida, lori ilikuwa ya Marekani. Spana zangu za milimita zilikataa zote. Kumi na saba haiingii, kumi na nane inacheza.

Kiprono akapima kichwa cha bolti na kachombo kake ka kupimia, kale ka kuonyesha namba kwa kioo.

"Fundi, inasema inchi sufuri nukta sita nane saba tano."

"Hiyo ni ngapi juu ya ngapi?"

"Aii, mimi naendesha tu."

Spana za inchi zimeandikwa sehemu, si desimali. Nilikuwa na moja tu, ya robo tatu. Nikajiambia robo tatu ni 0.75, hizo si ziko karibu? Nikavuta.

Ikateleza. Kichwa cha bolti kikalika, kikawa mviringo kabisa.

Mulama akapiga nduru. Vidole vyake vilikuwa vinaanza kuwa vyeusi. Nililia mbele ya madereva wote, na sikuona haya.

Imebaki bolti moja.

"Dada, hebu rudia hiyo namba."

Ni Apolot, anauza uji na chapati kando ya barabara. Zamani alifunza hesabu shule ya msingi. Mimi humwita mwalimu wa chapati, watu wanacheka.

"Apolot, toka hapa! Mtu anakufa!"

Hakutoka. Nikamsukuma. Akarudi.

"Sema namba, dada."

Kiprono ndiye alimtajia. Apolot akaandika na kidole kwa vumbi ya mlango wa lori.

6875/10000.

"Tarakimu ni nne baada ya nukta, kwa hivyo chini ni elfu kumi. Sasa gawa juu na chini kwa tano."

1375/2000. Tena, 275/400.

"Harakisha, mama!" Kiprono akapiga kelele.

55/80. Tena.

11/16.

"Hapa zimekataa kugawanyika. Tafuta spana ya kumi na moja juu ya kumi na sita."

"Nitaitoa wapi sasa? Nitaitoa wapi, Apolot?"

Akaniangalia. Halafu akageuka akakimbia. Nikadhani amenichoka.

Akarudi na spana nyeusi, ameishika na leso, bado ina moto. Ndiyo yeye hugeuzia makaa kwa jiko. Nikapangusa masizi nikasoma, 11/16.

Mwenyezi Mungu. Ni mimi nilimtupia mwaka jana. Nilimwambia, "Chukua hiyo takataka, haiingii kwa bolti yoyote."

Iliingia sawasawa. Nikavuta na uzito wangu wote. Bolti ikalegea, breketi ikageuka, mkono wa Mulama ukatoka.

Hospitalini waliokoa mkono, lakini kidole kidogo kilienda. Daktari akasema tungefika robo saa mapema kingepona.

Hiyo robo saa naijua. Ni ile nilikuwa nakisia, na nikimfukuza Apolot.

Mulama anasema nisijilaumu. Mimi najilaumu.

Kwa hivyo wewe unayesema hesabu ya shule haina kazi, pitia Malaba. Kunywa uji kwa mwalimu, halafu umsalimie mume wangu kwa mkono wa kulia.

Uhesabu vidole mwenyewe.