Dada Yangu, Futa Tu

Mtaani walimwita Bibi Nakshi, kwa maana maua aliyodarizi kwenye mashuka na magauni hayakuwa na mfano. Aliyachora mwenyewe kwenye kompyuta, ua kwa ua, miaka nenda miaka rudi, ndipo mashine ya kudarizi iyashone. Michoro yote ilikaa humo humo. Nakala hakuwa nayo.

Kompyuta ikajaa, ikawa nzito hadi kutia hasira. Bibi Nakshi akauliza kwenye kundi la mtandaoni: kuna folda kubwa ya mfumo, niifute au niiache?

Wa kwanza akafoka: "Wewe mama, usiguse! Ukifuta hayo mafaili haiwaki tena. Mbona watu hamsomi?"

Wa pili alikuja na ulimi wa asali: "Dada yangu, futa tu. Takataka hizo."

Sasa Bibi Nakshi ni mtu wa kupenda heshima. Yule wa kufoka alimkera. Huyu wa "dada yangu", Bibi akamfanya kaka kabisa. Akafuta. Kesho yake kompyuta ikagoma kuwaka, ikabaki na maandishi ya onyo kwenye kioo cha buluu.

Akarudi kundini kwa simu. Yule mkali akadakia: "Zima, peleka kwa fundi, usibonyeze kitu!" Kaka naye akaja na lake: "Dada, fundi wa nini? Bonyeza palipoandikwa rudisha mwanzo. Hakipotei kitu."

Mumewe alikuwa akichungulia begani. "Mbona huyu mwingine anakukataza?"

"Huyo hana adabu," akasema Bibi Nakshi, akabonyeza.

Ikawaka kweli, nyepesi, na tupu. Akatafuta mayungiyungi. Akatafuta lile waridi alilolichora akiwa na mimba ya kitinda mimba wake. Hamna. Mumewe akajikohoza, akatoka nje, maana anamjua mkewe.

Akaandika: "Kaka, kazi yangu yote imepotea. Wewe ulipofuta kwako, uliirudishaje?"

Jibu halikukawia. "Pole sana dada yangu. Mimi sina kompyuta. Niliona mtu kaandika hivyo mahali, nikasema nikusaidie."

Bibi Nakshi akalia kwa uchungu wa mtu aliyeuzwa na ndugu wa tumbo moja, na ndugu mwenyewe hata sura hamjui.