Msaragambo wa Wanajeshi

Mwaka ule nilikuwa nimerudi Ndungu na shahada yangu ya uhusiano wa kimataifa, na wazee wakaipatia kazi inayoistahili: kuzibua mfereji wa mpunga. Sikulalamika. Tope angalau halina maoni kuhusu Kongo. Wazee wetu wanayo.

Mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo, ni Mkongo. Baba mdogo ni dereva wa lori, alimpata safarini. Dada yake mama mdogo amebaki kwao Kongo, kwenye mji uliotekwa na wanajeshi, na alikuwa akimtumia habari kwa simu, sauti fupi za kunong'ona. Mama mdogo aliomba jambo moja tu: dada yake akifanikiwa kutoka, apewe nyumba ya marehemu bibi iliyofungwa kule Gonja. Nyumba ya ukoo haitolewi na mtu mmoja, kwa hiyo wazee wakakaa.

Walikaa ukingoni mwa mfereji Ijumaa moja, baada ya msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwa imani yetu Wapare ndiyo iliyoinua hii milima. Nilitegemea waulize kuhusu mabomu. Waliuliza kama mji ni msafi. Runinga ilishawaonyesha barabara zilizofagiwa na ofisa akisema hali ni shwari, na mtu akishasema shwari huku ameshika bunduki, nani tena ana swali? Mimi nilikuwa nalo, ila nilimuuliza mama mdogo: dada ameona mwenyewe au amesikia? Alinitazama kama anayetazama mbuzi aliyedai kitambulisho.

Kwa kuwa ni mkweli, alikubali kwamba wanafagia. Kila Jumamosi, ambayo Wakongo huiita siku ya posho, wanajeshi huwatoa watu wote kusafisha mitaro.

Ukweli ukamponza. Mwenyekiti wa mfereji, kaka yake babu, alipiga paja kwa furaha.

"Si msaragambo huo? Mwanangu, huko kuna utaratibu. Hapa wenye digrii tunawatoa kitandani kwa fimbo."

Wakacheka. Mwingine akasema tuwaazime wale wanajeshi, mfereji wetu utafika Tanga. Kufumba na kufumbua, jeshi lililokuja bila kuitwa likawa kamati bora ya maji, na dada hana tena sababu ya kuhama.

Kisha mwenyekiti akauliza faini, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake. Kwetu asiyetokea analeta dengelua, pombe ya miwa, anainywa pamoja na wale aliowakimbia.

"Na huko asiyetokea anatozwa nini?"

Mama mdogo alitoa simu. Akafungulia sauti ya dada yake.

"Jirani alibakia na homa. Walimubeba. Hatuyamuona tena. Sasa mimi pia niko na homa, na kesho ni posho."

Hakuna aliyedai shahidi wa pili, hata mimi.

"Ametuma lini?" mwenyekiti akauliza.

"Asubuhi hii, baba."

"Nyumba ni yake. Lakini kesho aende kwenye huo mtaro. Mwambie aende, hata kwa kutambaa."

Mama mdogo aliandika, kwa sababu dada alishamkataza kumjibu kwa sauti. Akatuma. Ikaja tiki moja, yaani ujumbe haujafika. Wazee, ambao simu zao ni za tochi, walisogea wakainama juu ya kioo, nasi tukaitazama ile tiki moja mpaka maji yakaanza kupanda ukingoni na hakuna aliyekwenda kuyafunga.