Sauti ya Mkwe kwenye Simu

Siku yangu ya kwanza kazini, Gérant, yaani mkuu wa tawi, alinipokea mlangoni mwa benki, akatazama viatu vyangu vya visigino virefu, akasema vitanishinda kabla ya saa sita. Alisema kweli. Wakati ule hapa Kolwezi mishahara ya mgodini ilikuwa ndiyo kwanza inahamia benki, na wazee waliozoea kupokea noti ndani ya bahasha walikuja kwenye gishe, dirisha letu la kuhudumia wateja, wakiwa na mashaka yao ya haki kabisa. Mzee mmoja aliniomba nimwonyeshe droo ambamo fedha zake zinalala. Nikamwambia zimelala pamoja na za wenzake. Akafikiri, akasema basi angalau zisilale karibu na za shemeji yake.

Kazi tulijifunza kwa macho. Kila mteja alikuwa na spesimeni, kadi yenye sahihi yake ya mfano, nasi tuliilinganisha na sahihi aliyoweka siku hiyo. Ninyi vijana mnacheka, lakini wizi wa enzi zile ulikuwa na uso. Mwizi alikuja mwenyewe, amevaa shati safi. Mkuu wa hazina, mama mnene tuliyemwogopa na kumpenda, alinikalisha kando yake mwezi wangu wa kwanza.

“Usiangarie karatasi tu,” aliniambia. “Angaria namna muntu anasalimia. Mwizi hana wakati ya kukuuliza habari ya batoto.”

Baadaye nilipelekwa Dilolo, mpakani na Angola. Huko wakinamama wa biashara walihesabu noti wakiwa wanazungumza, wananyonyesha na kunitania kwamba nimekonda, na hawakukosea hata mara moja. Sikuwafundisha kitu. Kisha nikahamishiwa Lubudi, tawi dogo lenye wakulima wengi na wafanyakazi wa reli. Gérant wa Lubudi alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalihusu mpira. Ila neno moja la kazi alinipa, nami nimelitumia hadi leo.

“Muntu akikuya na mbio, umupe kiti. Mwizi anapendaka mbio. Kiti, hapana.”

Niliporudi Kolwezi, nywele zimeanza kuwa nyeupe, waliniweka kwenye meza ya malalamiko ya wateja. Wizi ulikuwa umepoteza uso. Sasa ulikuja kwa simu: akaunti yako imefungwa, bonyeza hapa, umeshinda zawadi, mimi ni wa benki, nisomee code uliyopokea. Code ni zile tarakimu ambazo benki hukutumia ili uthibitishe kwamba ni wewe. Anayezipata ameshika ufunguo wa nyumba yako. Benki haikuombi umsomee mtu yeyote, hata Gérant mwenyewe, hata akilia. Nimelisema hili mara nyingi mno hata mume wangu husema ninalisema usingizini.

Lakini nataka niwaambie habari ya Mama Kapinga.

Alikuwa mjane wa dereva wa treni ya mgodi. Kwenye akaunti yake kulikuwa na malipo ya mwisho ya marehemu, na hakuyagusa ila kwa jambo moja: masomo ya uuguzi ya kitinda mimba wake, Ngalula, aliyebakiza mwaka mmoja. Kila alipokuja tulizungumza habari za Ngalula kabla ya jambo lingine lolote. Asubuhi ile hakunisalimia vizuri.

“Nataka kutoa feza yote,” alisema.

“Yote, mama? Na Ngalula?”

“Yote. Mbio, mwana yangu. Ni mambo ya nyumba.”

Nikamvutia kiti. Nikamwambia mashine leo zinakwenda polepole. Akaketi ukingoni, na mara simu yake ikalia. Hapo ndipo nilipoona kitu. Aliipokea akiwa ameinamisha kichwa, akageukia ukuta, akafunika mdomo kwa pindo la kitenge, akaitikia kwa sauti ndogo sana. Sisi tuliozaliwa katika familia za Kasai, za wale babu walioletwa kufanya kazi mgodini, tunajua heshima hiyo ni ya nani. Mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawazungumzi. Neno likiwepo, linapitia kwa binti. Si chuki, jamani. Ni kuheshimiana kwa mbali.

“Ni mukwe?” nilimuuliza alipomaliza.

Akatikisa kichwa kukubali, aibu imemjaa. Mume wa binti yake mkubwa alifanya kazi upande wa Mutoshi. Asubuhi ulikuwa umeingia ujumbe kwamba yeye ni mkwe, amekamatwa, simu yake imechukuliwa, anatumia ya mtu mwingine. Mama asimwambie mkewe kwa kuwa ana mimba. Kisha akapiga. Akaomba amsomee tarakimu zitakazoingia kwenye simu, mama akamsomea. Sasa alikuwa anaomba kilichobaki.

“Lakini mama, ilikuwa sauti yake?”

Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto.

“Nitajua sauti yake namna gani? Ule mutoto hajasemaka na miye hata siku moja.”

Tangu binti yake aolewe, mama huyu alimpikia mkwe wake, akamwombea kanisani, akamtumia unga wakati wa shida, na asingeweza kuitofautisha sauti yake na ya mpita njia. Wala asingeweza kumhoji. Nani anamhoji mkwe? Yule mwizi sidhani alijua mila zetu. Alisukuma tu, mlango ukafunguka.

Nikaingia kwanza kwenye akaunti na kuweka opozisyon, ndiyo kuifunga ili fedha zisitoke kwa njia yoyote. Sehemu fulani ilikuwa imekwisha kwenda. Iliyobaki ilikuwa nyingi. Nikageuka kwa Mama Kapinga.

“Mama, mukwe yako anakuheshimuka. Anaweza kukuita yeye mwenyewe ku simu?”

Akaiweka simu mapajani.

“Hata nyumba ikiungua,” alisema, “atapitisha kwa muke yake.”

“Njo vile,” nikamkubalia.

“Na kama ni yeye kweli?” Machozi yalimtoka sasa. “Balimufunga, akaacha haya ya ukwe sababu ya shida, akaniita miye, na miye nilimunyima? Nitaangaria mutoto yangu na macho gani? Na nikimupa, nitamwambia Ngalula nini?”

Nilimpenda sana saa ile, na nilimwogopea. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alikuwa mama mwenye mabinti wawili na mfuko mmoja.

Kanuni yetu ni nyepesi: usijibu kwenye namba iliyokutafuta, piga ile uliyokuwa nayo tangu zamani. Nikachukua simu ya benki nikampigia binti mkubwa, polepole, kwa ajili ya mimba yake. Nikajitambulisha, nikasema nahitaji kuzungumza na mumewe kwa jambo dogo la karatasi.

“Eko hapa,” alisema. “Anakula.”

Mwanaume akachukua simu, mdomo bado una ugali. Nilipomweleza, hakuuliza ni kiasi gani kimeibwa.

“Mama eko muzima?” ndilo lililokuwa neno lake la kwanza.

Alikuja kwa pikipiki. Lakini mama mkwe alikuwa ndani, basi hakuingia. Alisimama nje ya kioo, ametupa mgongo, kofia mkononi, anatazama ukuta wa jirani. Mlinzi wetu alipoona mtu anakodolea ukuta mbele ya benki akadhani ndiye mwizi aliyesemwa, akamkamata mkono. Nikalazimika kukimbia kumwokoa, na viatu vyangu vya uzeeni havikukimbia vizuri.

Mama Kapinga aliinuka kutoka kwenye kiti. Alitazama kupitia kioo, akaweka mkono kifuani.

“Njo yeye,” alisema. “Mugongo yake naijua.”

Tulitoa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu. Zilizokwenda hazikurudi, nami sitawadanganya kwamba hurudi. Zilizobaki zilimtosha Ngalula, kwa kubanabana, na leo amevaa nguo nyeupe hospitalini. Amewahi kunidunga sindano. Mkono wake ni mzito, lakini sikulalamika.

Baada ya hayo yule mkwe alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Kwetu kuna njia ya kupunguza haya ya ukwe: mwanaume huleta mbuzi, wazee wakakubali, na kuanzia hapo wanaweza kuzungumza. Wengi hungoja uzeeni. Yeye alileta mbuzi kabla mtoto wake hajazaliwa, nami nikaalikwa kama shahidi. Wazee walimuuliza haraka ya nini.

“Ninataka mama ajue sauti yangu,” alijibu.

Mama Kapinga akamwambia aseme tena. Maskini, akakohoa kwanza kwa haya. Akaanza kumweleza habari za barabara ya Mutoshi na vumbi lake, na mama akamsikiliza amefumba macho mpaka akamaliza.

Nimestaafu sasa. Vijana wa benki huja nyumbani kuniuliza habari za mashine mpya za kunasa wezi, nami nawaambia wazitumie zote, sina ugomvi na mashine. Lakini wawajue wateja wao, na wateja wajuane wao kwa wao, maana mwizi anakaa pale ambapo watu wanaopendana hawajasemezana.

Juzi Mama Kapinga alinipigia. Kuna mtu alikuwa amempigia tena, akasema ni mkwe, ana shida kubwa. Nikashtuka, nikamuuliza alimjibu nini.

“Nilimwambia, weye si mukwe yangu,” alisema. “Yangu anakohoaka kwanza, sababu ya haya. Kiisha nikakata simu, nikaita mukwe yangu, nisikie tu namna anakohoa.”