Iko ku Mayi

Mvua za mwaka huu zimeujaza tena mto Luama, rafiki yangu. Nilitoka Kasongo kwenda Kabambare kuwaona wajukuu, pikipiki ikanivunja mgongo, na nilipofika nikakuta watu wamejaa uwanja wa shule wakingoja pesa za msaada wa mafuriko. Kijana mmoja alikuwa anaita majina. Likaitwa la msichana, mwanamke akajibu kutoka nyuma, "Iko ku mayi!" Watu wakacheka, maana msichana mwenyewe alikuwa anakuja na bidoni la maji kichwani. Mimi nikatafuta pa kukaa.

Nilikuwa mdogo, enzi za Wabelgiji. Baba alikuwa kantonye, mmoja wa wale waliochimba mitaro ya barabara na kuziba mashimo, na jioni alinuka udongo na jasho. Nyumba yetu ilikuwa karibu kabisa na mto huohuo. Kuteka maji ilikuwa kazi ya dada yangu. Asubuhi nilimsikia akisugua mtungi kwa mchanga, akiimba kwa pua asimwamshe bibi, na bibi siku zote alikuwa macho. Moshi, mihogo iliyolowekwa, sombe ya majani ya mihogo ikitwangwa kwa jirani: ukinipa harufu hizo leo nitalia, sikufichi.

Siku ile maji yalikuja bila mvua. Ilikuwa imenyesha huko juu milimani, kwetu jua linawaka. Dada alikuwa ameshatoka na mtungi. Mto ulichukua mihogo yetu yote, mbuzi wa jirani, jiko, na yeye. Wanaume walimtafuta mpaka mbali huko chini. Waliupata mtungi tu, mzima, hauna hata ufa.

Kwetu, mtu ambaye mwili wake haujaonekana hasemwi kuwa amekufa. Hakuna kilio, hakuna kunyoa nywele. Unasema mahali alipo, basi. Kwa hiyo mama hakulia. Alikaa akitazama njia ya mtoni.

Ndipo serikali ikaleta msaada: chumvi, na faranga kwa kila mtoto. Karani alikuwa mgeni, kaptula imepigwa pasi, kalamu sikioni. "Hii faranga ni ya batoto bazima tu," alionya, yaani walio hai. Nakwambia tulikuwa na njaa, tulikuwa tunachemsha mizizi ya migomba. Likaitwa jina la dada. Baba aliangalia chini. Mama alifungua kinywa.

"Iko ku mayi," bibi akasema.

Karani akacheka. "Mabinti ya huku! Kila saa ku mayi. Mama, mumwambie arudi mbio, kiu inaniua." Akamtia mama pesa mkononi, akaita jina lingine.

Yeye alisikia kwamba msichana ameenda kuteka. Sisi wengine tulisikia kwamba yumo majini. Bibi hakusema uongo, na mpaka leo sijui kama aliitaka ile pesa au alitaka tu kumkinga mama. Lakini mama alisikia jambo la tatu: kwamba mwanawe atarudi.

Pesa ile hakuila. Aliifunga kwenye pindo la kikwembe chake. Baba alimwomba wanunue chakula, na kwetu kununua ndiko kuuza: "Mama, tuuze muhogo, batoto banalala njaa." Akajibu, "Iko na mwenyewe. Akirudi atauza nguo." Mtungi ukawekwa mlangoni, mtupu. Nilipokua na kazi ya maji ikawa yangu, niliyamimina kwenye sufuria. Mtungi sikuruhusiwa kuugusa.

Wabelgiji wakaondoka, faranga zao zikakosa duka la kuzipokea, na fundo likabaki palepale. Mama alizeeka nalo. Siku alipokuwa anakata roho tulikuwa wawili tu, midomo imemkauka. Niliinuka nimletee maji, akanishika mkono, akitazama mtungi mlangoni.

"Acha," akasema. "Ule anakuja nayo."

Tulimzika na fundo lake. Wa nyumba ile nimebaki mimi peke yangu, na njia ya mtoni imeota majani. Pale uwanjani sikungoja kijana amalize majina. Niliogopa ataliita lile moja, la dada, na sasa wa kulijibu ni mimi.