Kutoka Toronto Hadi Bandani kwa Mama

Mama alinipigia simu nikiwa Toronto, akaniambia nirudi Marangu tumalize suala la nyumba aliyoacha marehemu Baba. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Tangu nimalize kidato cha nne nimehama miji mingi, lakini kila nilikokwenda niliihesabu nyumba ile kuwa ya uzee wangu. Nikakata tiketi.

Simu ilinionyesha kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili, saa kumi na tano angani. Mengine haikusema. Tuliondoka asubuhi, giza likatukuta mapema mno, na kulipopambazuka sikuwa nimelala. Addis Ababa nilikaa nikitazama saa ya mkononi na ya ukutani, nisijue niifuate ipi. Kwenye ndege ya pili nililetewa kifungua kinywa, nikamuuliza mhudumu kama ni cha leo.

Mchana nilishuka uwanja wa Kilimanjaro. Teksi ikapita Moshi, ikakata kona Himo, ikaanza kupanda.

Nyumbani Mama alikuwa mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda, au nguo ni za mtu mwingine?"

Dada yangu Anaeli akacheka. Alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, na ndiye anayemtunza Mama. Akanipa mtori wa ndizi na nyama, nikasinzia kijiko kikiwa mkononi. Siku zilizofuata nililala wenzangu wakiwa shambani, nikaamka wakienda kulala.

Asubuhi moja nilimkuta Mama amekaa kando ya banda la ng'ombe, Anaeli akikamua.

"Hiyo ndege inachukua muda gani?" Mama akauliza.

"Saa kumi na tano tu, Mama."

"Anaeli anakamua asubuhi na jioni. Wewe ukitoka huko asubuhi, jioni utamwahi ng'ombe?"

Nikajumlisha Addis, nikatoa tofauti ya saa, nikapotea, nikaanza upya.

"Hesabu taratibu," Anaeli akasema akiwa chini ya ng'ombe. "Ng'ombe anakusubiri."

"Baba zako wadogo wanakuja Jumamosi," Mama akasema. "Wanataka nikifa Anaeli atoke, nyumba iwe yako. Mimi nauliza tu, jioni hiyo atakamua nani?"

Nikaacha kuhesabu.

Jumamosi wakaja, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikawekwa. Baba mdogo aliye mkubwa wao akasema nyumba haipewi binti.

"Basi nipeni mimi," nikasema.

Wakanipa.

"Nami nampa Anaeli."

"Safari imekuchosha, mwanangu," baba mdogo akasema. "Kalale kwanza."

"Tangu nije nimelala tu, baba."

Alinitazama, kisha akamtazama Mama. Akanywa, na kibuyu akampa Anaeli kabla yangu.

Siku ya kuondoka teksi ilifika jioni. Anaeli aliniaga bandani, mikono imelowa maziwa. Tulipofika barabarani nikakumbuka nimesahau koti, nikarudi mbio. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Lakini miguu ilisimama kizingitini, na nikajisikia nikisema, "Hodi."

"Karibu," Anaeli akaitikia kutoka bandani, bila kuacha kukamua.

Nilichukua koti. Kwenye simu safari ilikuwa ile ile, kilomita na saa zile zile. Nyumba nilimozaliwa, sasa ndipo nimejua umbali wake.